Waya Usingoje Kutoka Dar

Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi, walimu wa kompyuta na maafisa TEHAMA wa taasisi ndogo, Tanga mjini. Yameandikwa baadaye kutoka kwenye rekodi, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wenzangu wa rika moja, habari za mchana. Na nyinyi wadogo zangu wa vyuoni mliojazana viti vya nyuma, sogeeni, huku mbele hakuna anayeng'ata.

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine za ofisi. Mada hiyo mkiniachia nzima mtaniondoa hapa magharibi, kwa hiyo nimeikata. Nitazungumzia tundu moja tu: tundu la USB lililo usoni mwa seva, lile ambalo wengi wetu tunalitumia kuchajia simu.

Mnacheka. Mnajijua.

Hoja yangu naitoa mapema, ili anayewahi gari la Muheza asiikose. Seva ikiingia ofisini, ipangwe yote kupitia tundu hilo kabla haijagusa mtandao, na kazi ikiisha tundu lifungwe. Sisi tumezoea kinyume chake. Tunaanza na mtandao, tunakwama, tunabeba skrini na kibodi mpaka chumba cha seva, na tundu lenyewe linabaki wazi miaka yote, yeyote apitaye achomeke atakacho.

Tuanze na kilicho nyuma ya tundu. Ndani ya kila seva ya maana kuna kompyuta nyingine ndogo, imekaa kwenye ubao mkuu. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Lenovo wanaiita XClarity Controller. Mimi leo nitaiita kidhibiti, tusichoshane. Seva ikiwa imezimwa kidhibiti kiko macho, almradi waya wa umeme umechomekwa. Ndicho kinachojua joto la prosesa, feni iliyokufa na diski inayoanza kuugua, na ndicho kinachoweza kuwasha au kuzima mashine bila mtu kugusa kitufe. Ukichomeka laptopu kwenye tundu la mbele, huzungumzi na Windows wala Linux. Unazungumza na kidhibiti. Windows inaweza kuwa imelala chali, na mazungumzo yenu yakaendelea vizuri tu.

Mtu ataniambia: kidhibiti si kina tundu lake la mtandao kule nyuma? Kinalo, na siku za kawaida ndilo la kutumia. Unakaa mezani kwako unaangalia kila kitu. Lakini nyie ni watu wa Tanga, mnakumbuka bandari yetu kabla haijaongezwa kina. Meli ilitia nanga kule nje, mzigo ukaletwa na tishari. Tishari likikwama, mzigo haushuki, na meli wala haina kosa. Ndivyo ilivyo kusimamia seva kupitia mtandao: kati yako na kidhibiti kuna swichi ya kugawa mtandao, kuna ruta ya kuelekeza data, kuna mipangilio aliyoiweka fundi aliyeacha kazi bila kukabidhi. Kimoja kikiharibika, seva nzima inaonekana imekufa.

Kuna ofisi moja hapa mjini, jina naliacha, walibadilisha swichi wikiendi. Jumatatu kidhibiti hakipatikani, seva imejizima, na hakuna anayejua anwani yake ya mtandao. Wakapiga simu Dar. Mtaalamu akapanda basi zaidi ya kilomita 300, akalala gesti, asubuhi akafungua begi akatoa waya wa USB, ule ule wa simu za zamani. Akachomeka mbele, akarekebisha anwani, akawasha mashine, akaletewa chai. Amemaliza kabla ya chai. Walilipa nauli, malazi, posho na ufundi. Mtaalamu simlaumu hata kidogo, alifanya kazi yake. Ninachouliza mimi ni kwa nini waya ule ulitoka Dar.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Nachukua Dell PowerEdge kwa sababu ndizo ninazokutana nazo zaidi, hasa hizi zilizokwisha tumika. Za kizazi cha 13, mathalani R730, zina tundu la USB la kawaida lenye alama ya spana. Hilo seva na kidhibiti wanaligawana, na waya wake ni wenye kichwa kipana pande zote mbili, ambao dukani si rahisi kuupata, basi ukiuona nunua miwili. Kuanzia kizazi cha 14, kama R740, wameweka tundu dogo la micro-USB kwa ajili ya kidhibiti peke yake.

Zima Wi-Fi ya laptopu kwanza. Chomoa na waya mwingine wowote wa mtandao, maana laptopu ikiwa na njia mbili inaweza kupeleka maombi yako kusikohusika. Kisha chomeka, na utulie kidogo. Laptopu itaona kama imewekewa kadi mpya ya mtandao. Yenyewe itapewa anwani 169.254.0.4, na kidhibiti kitakuwa 169.254.0.3. Fungua brauza, andika https na anwani ya kidhibiti. Brauza itapiga kelele kwamba cheti hakiaminiki. Siku nyingine zote ningewaambia mgeuke mrudi. Leo waya mmeushika mkononi na mnaona mwisho wake wa pili umeingia wapi, kwa hiyo endeleeni.

Namba zinazoanza na 169.254 wengi mnazijua kwa ubaya. Ndizo Windows hujipachika ikikosa wa kuipa anwani, na ukiziona unajua leo kuna kazi. Utaratibu wake uliandikwa rasmi mwaka 2005, na sifa yake kubwa ni kwamba ruta haipaswi kuzipitisha. Kwenye shughuli yetu hiyo ndiyo raha. Aliye nje ya waya ule hana njia ya kufika kupitia anwani hiyo.

Wenye HPE, kuanzia kizazi cha 10 (Gen10) tafuteni tundu la mbele lililoandikwa iLO. Hili halichukui waya wa laptopu moja kwa moja. Linataka adapta ya USB kwenda Ethernet, halafu waya wa kawaida wa mtandao mpaka kwenye laptopu. Anwani ni 169.254.1.2. Si kila adapta inakubaliwa, kwa hiyo soma kwanza ni chipu gani zinazoungwa mkono kabla hujatoa hela. Na msijaribu kuiwasha seva kwa flashi kupitia tundu hilo, halikuwekwa kwa kazi hiyo. Flashi mnayoweza kuchomeka pale ni ya kuchotea kumbukumbu za matukio ya mashine, iwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, yenye faili la maagizo liitwalo command.txt.

Nirudi kwenye waya, maana hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Hizi nyaya za bei ya kutupa tunazonunua barabarani, nyingine zina mbili tu za umeme. Simu itachaji, taa itawaka, na data haipiti hata tone. Mtu anachomeka kwenye seva, laptopu kimya, anabadilisha dereva, ile programu ya kuendesha kifaa, anaweka Windows upya, anatangaza kidhibiti kimeungua. Kabla ya yote hayo, chukua waya huo huo, unganisha simu yako na laptopu, chagua kuhamisha mafaili. Picha zako zikionekana, waya ni mzima. Zisipoonekana, ufunge fundo, ubaki kuwa wa chaja.

Na sisi wa pwani tuna mgeni mwingine. Ofisi za Raskazone na zile za kuelekea bandarini hufungua madirisha zipate upepo, na upepo unakuja na chumvi yake. Chumvi ikikutana na unyevu hula vipini vilivyo ndani ya tundu. Nimeona tundu ambalo kwa macho ni zima, ukimulika na tochi ya simu unakuta ukijani umetambaa kwenye kipini kimoja, cha data. Wekeni vizibo vya mpira. Ukikuta uchafu, zima mashine, chomoa umeme, tumia brashi laini na spiriti ya aisopropili, acha ikauke. Sindano ya kushonea wekeni mbali kabisa.

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii inayofuata, na naona haitumiki kabisa huku kwetu. Mashine za Dell zenye uwezo huu hazihitaji hata laptopu. Unaipanga seva moja vizuri, unatoa mipangilio yake yote kama faili la XML, yaani la maandishi yaliyopangwa, unalisahihisha kwa mahitaji ya seva nyingine, unaliweka kwenye flashi ndani ya folda iitwayo System_Configuration_XML. Pembeni yake unaweka faili dogo, control.xml, linaloeleza seva izimwe kwa upole au kwa nguvu, na mwisho wa kazi ibaki imewashwa au imezimwa. Unachomeka mbele. Kidhibiti kinasoma, kinajipanga.

Uzuri wake uko kwenye majina ya mafaili. Kidhibiti kinapoiona flashi, kwanza hutafuta faili lenye namba ya utambulisho ya mashine ile ile, ile ya herufi na tarakimu 7 iliyobandikwa kwenye seva. Lisipokuwepo hutafuta lenye namba ya modeli. Hilo nalo lisipokuwepo, huchukua config.xml. Kwa hiyo ukiwa na seva tatu za shule tatu, Pangani, Muheza na Korogwe, flashi ni moja. Unampa dereva au mwalimu anayekwenda, anachomeka, na kila mashine inachukua la kwake. Mwalimu hahitaji kujua anwani ya IP ni nini.

Ndani ya faili hilo uweke nini? Anwani ya kidhibiti isiyobadilika. Saa za Dar es Salaam, maana kumbukumbu za matukio zenye saa za kwingine zitakuzungusha. Mpangilio wa diski. Na jambo moja ambalo katika nchi yenye majokofu yanayoungua kila umeme ukirudi sikutarajia kulifundisha: seva ifanye nini umeme ukirejea. Kuna machaguo matatu, ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Wengi huchagua iwake, halafu wanaona wamemaliza. Umeme wetu lakini hurudi, ukaenda, ukarudi tena ndani ya dakika chache. Seva iliyoanza kusoma diski inakatwa katikati mara mbili, mara tatu. Pale pale chini ya machaguo hayo kuna sehemu ya kuchelewesha. Ichelewesheni. Kama mna seva kadhaa, kila moja ipewe muda wake, zisiivute UPS, ile betri ya akiba, kwa pamoja.

Tahadhari kuhusu faili lenyewe: paswedi ukiiandika mle inasomeka na yeyote atakayeiokota flashi. Hata bila paswedi, mle mna ramani ya ofisi yako. Kazi ikiisha, flashi irudi na ifutwe.

Hapo nimeingia kwenye nusu ya pili ya hoja yangu, kufunga.

Mnalikumbuka jina Stuxnet, ile programu hasidi. Iligunduliwa mwaka 2010, na ilikusudiwa mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, mahali ambapo mitambo haikuunganishwa na intaneti. Njia mojawapo iliyoitumia kusambaa ni flashi. Miaka minne baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Ujerumani wakaonyesha kwamba hata flashi tupu inaweza kubadilishwa programu yake ya ndani ikajitambulisha kwa kompyuta kuwa kibodi, ikaanza kuandika amri yenyewe. Antivairasi inatafuta mafaili, na hapo hakuna faili. Sisemi kuna mtu anataka kulipua ofisi yako ya ushuru wa soko. Nasema tundu linaloweza kubadilisha mipangilio yote ya seva bila kuuliza jina halifai kuachwa hivyo kwenye chumba ambacho pia ni stoo ya mafagio.

Dell wameweka machaguo manne kwa mafaili ya flashi: kukataa kabisa, kukubali yaliyofungashwa kwa kubanwa tu, kukubali yote, na kukubali pale tu ambapo seva bado ina paswedi ya kiwandani. Hili la mwisho ni la akili. Mashine mpya inapokea flashi, inajipanga, inabadilishiwa paswedi, na kuanzia dakika hiyo haipokei tena. Chagueni hilo, halafu msiiache paswedi ya kiwandani ikakaa.

Kwa miaka mingi Dell walitumia root na calvin kwenye kila mashine. Si siri, wenyewe wameichapisha kwenye vitabu vyao. California walipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, inayozuia kifaa cha kuunganishwa mtandaoni kuuzwa na paswedi moja ya kila mtu. Mashine za karibuni zinakuja na paswedi ya peke yake, imechapishwa kwenye kibati cha plastiki kinachovutwa usoni mwa seva. Ukinunua iliyokwisha tumika, vuta kibati hicho ukiwa bado dukani. Kikiwa hakipo, jua utakuwa na kazi ya kukirudisha kidhibiti kwenye hali ya kiwandani, na bei ishuke.

Wapo watakaosema: basi tundu tulifunge tangu mwanzo, kidhibiti tukiweke kwenye intaneti, tusimamie kutoka nyumbani. Naombeni msifanye hivyo. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro kwenye iLO 4: mtu alikuwa akituma herufi A mara 29 kwenye sehemu fulani ya ombi lake, kidhibiti kinamruhusu apite bila paswedi. Herufi A, 29. HPE walirekebisha, lakini mashine nyingi hazisasishwi, nanyi mnajua ni lini mara ya mwisho ya kwenu ilisasishwa. Kidhibiti kikae kwenye mtandao wake wa ndani, na siku mtandao huo ukifa, waya upo kwenye droo.

Wenye kumbukumbu za wagonjwa na wanafunzi, nyinyi pia mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwanasheria atawaeleza vizuri kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba daftari la nani ameingia chumba cha seva na kwa kazi gani, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, bado ni kifaa kizuri cha usalama.

Niishie hapo, nisikie maswali.

Dada aliyevaa mtandio wa bluu amesema: "Kaka, hizo zote ni seva za wenye hela. Sisi shuleni kwetu seva ni kompyuta ya kawaida ya mezani, haina kidhibiti. Tufanyeje?"

Dada yangu, hilo ndilo swali la wengi hapa. Kama mna Linux na kompyuta ina mlango wa zamani wa siriali, ule wa kupitisha maandishi biti moja moja, au pini zake kwenye ubao, iambieni Linux itoe maandishi yake huko kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, na kwenye laptopu chomekeni waya wa USB kwenda siriali. Utaona maandishi ya kuwaka tangu Linux inapoanza, bila skrini. Jihadharini na mambo mawili. Pini za kompyuta ndogo za ubao mmoja kama Raspberry Pi ni za volti 3.3, waya wa volti 5 utaziunguza. Na chipu bandia ndani ya nyaya hizo ni nyingi sana: Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za aina hiyo, ilitoa dereva kupitia masasisho ya Windows ambayo ilizizima chipu zilizoigiza za kwao, na watu wengi waliamka nyaya zao hazifanyi kazi. Walikemewa wakaiondoa, lakini somo mmelipata.

Njia ya pili ni kutengeneza kidhibiti chenu. Kuna mradi wa programu huria uitwao PiKVM. Raspberry Pi inachukua picha kutoka tundu la skrini (HDMI) la kompyuta, na upande wa pili inachomekwa kwenye USB ya kompyuta hiyo ikijifanya kibodi, kipanya na hata flashi ya kuwashia. Ule ule ujanja wa flashi niliowatisha nao sasa hivi, safari hii unakufanyia kazi wewe. Vijana wa nyuma, huo ni mradi wa muhula mmoja, nendeni mkaufanye kwenye shule ya dada.

Mzee wetu hapa mbele ameuliza: "Mwanangu, haya yote ya nini? Si tuhamie huko mawinguni, kwenye seva za mbali za kukodi kwa intaneti, ziwe shida ya watu wengine?"

Mzee, kwa mambo mengi nakubaliana nawe, barua pepe sitaki kuisimamia tena maishani. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na nchi nzima ikahangaika. Siku hizo, mwenye mfumo wa dawa na kadi za wagonjwa kwenye seva iliyo jengo hilo hilo aliendelea kuhudumia watu. Mwenye kila kitu mawinguni alirudi kwenye karatasi. Kwa hiyo seva ndogo ya ndani itabaki kwa muda, na maadamu ipo, lazima awepo mtu wa hapa hapa anayejua kuifungua.

Pale mezani kuna R730 moja ya kuazima na laptopu mbili. Aliyekuja na waya aulete tuupime kwanza kwa simu, na mwenye paswedi ya laptopu ya kushoto naomba aje, imejifunga.